Kisichotoka Kinywani mwa Hakimu

Mwezi wa tatu baada ya kustaafu, Bi Mashine alitangaza mezani kwamba anaandika kitabu. Bintiye, aliyekuwa akiishi naye, alidhani ni kitabu cha mapishi, akafurahi kwelikweli, maana mama mtu akikosa kazi huanza kukagua kazi za wenzake. Alipoambiwa ni kitabu cha falsafa aliacha kutafuna.

"Falsafa ya nini, mama?"

"Ya kuandika unachoambiwa uandike."

"Hiyo nayo ni falsafa?"

"Ndicho ninachotaka kujua," alisema Bi Mashine, akaomba apitishiwe chumvi.

Msimhukumu haraka. Kuna watu wakistaafu hununua kuku, wengine hugombana na majirani, na hakuna anayewauliza sababu. Huyu alikuwa amepiga chapa maneno ya watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja cha mahakama, mgongo wima, vidole kumi, kosa moja kwa kurasa arobaini. Jina la Bi Mashine alipewa pale na makarani wenzake, likamganda hadi wanawe wakalizoea. Sasa alitaka kuandika la kwake hata kama ni moja tu.

Inafaa mjue jinsi kazi ile ilivyofanywa, kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Shahidi alipoongea, Bi Mashine hakuandika. Alingoja. Shahidi angeweza kueleza robo saa nzima, aanzie kwa mama mkwe wake, apitie kwenye mguu wake unaouma, alie kidogo, aombe maji. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ile sentensi moja aliyoona inatosha: "Nilimfahamu marehemu kwa miaka miwili." Hiyo ndiyo iliyopigwa chapa, na hiyo ndiyo iliyobaki duniani. Siku yake ya kwanza karani mzee alimkalisha na kumwambia, "Kisichotoka kinywani mwa hakimu hakikutokea. Mtu akilia, hakulia. Akicheka, hakucheka. Wewe hapa huna macho, una vidole." Alimwambia kwa wema, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo.

Na kusema kweli kanuni hiyo ilimfaa. Wenzake walirudi nyumbani na mauaji vichwani, wakawapigia kelele watoto wao bila sababu. Yeye alirudi mikono mitupu, akapika, akalala. Aliishi hivyo miaka mingi, akidhani ndiyo heshima ya kazi.

Meza ya kuandikia kitabu aliiweka chumbani kwake, chini ya dirisha, asubuhi kuna mwanga mzuri. Siku mbili aliandika vizuri. Siku ya tatu, saa nne hivi, alihisi kuna mtu amesimama kushoto kwake, nyuma kidogo. Hakushtuka. Alidhani ni bintiye, akasema "Ngoja nimalize mstari," na yule mtu akangoja. Alipogeuka chumba kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa, mlango umefungwa.

Kesho yake alikuja tena. Sasa alimsikia akivuta pumzi puani, pumzi nzito ya mtu mwenye mafua yasiyoisha. Alisimama tu, kwa subira ile ya mtu anayengoja sentensi imalizike kupigwa chapa ndipo aulizwe swali lingine. Bi Mashine alifahamu mara moja ni nani. Katika chumba kile cha mahakama kizimba kilikuwa kushoto kwa mpiga chapa, hatua mbili nyuma, karibu kiasi cha kunusa sabuni aliyoogea mshtakiwa. Mamia ya watu walisimama pale. Mwenye pumzi ile alikuwa mmoja.

Alihamisha meza ili upande wa kushoto ubanane na ukuta. Haikusaidia kitu. Pumzi ilitoka palepale, ndani ya ukuta. Hakumwambia mtu, kwa maana mwanamke wa miaka sitini na mitatu akisema anasikia pumzi ukutani, wanawe wenyewe watamtafutia daktari kabla hajamaliza sentensi. Akaandika huku anasikilizwa.

Ghorofa ya chini aliishi mwalimu mmoja mzee, aliyefundisha falsafa chuoni kwa miaka arobaini. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, na mkewe alipokuwa hai alimwita hivyo hivyo, ila kwa hasira. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni ila vivuli, lakini masikio yalikuwa makali kuliko yanavyotakiwa kwa jirani. Kila Alhamisi alasiri Bi Mashine alishuka na kurasa zake akamsomea, naye alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hakinywi.

Alhamisi ya kwanza alisoma, "Tangu zama za kale, binadamu amejiuliza ukweli ni nini."

"Simama hapo," alisema Mwalimu. "Wewe uliwahi kujiuliza?"

"Kujiuliza nini?"

"Ukweli ni nini. Unaosha vyombo, maji yanatiririka, ukajiuliza hivyo. Imewahi kutokea?"

Bi Mashine alifikiri. "Hapana, Mwalimu."

"Basi futa. Vitabu vya kwanza vya falsafa vina ugonjwa mmoja, vinaanza na swali la watu wengine. Niletee swali linalokunyima raha wewe. Liwe dogo. Swali kubwa ni mahali pa kujificha."

Alipanda ngazi amenuna. Alhamisi iliyofuata alileta kurasa kumi na moja zilizojaa majina ya wanafikra wakubwa, aliowakuta katika kitabu cha kuazima. Mwalimu alivumilia kurasa mbili.

"Umewaalika wazee wote hawa," alisema, "na mwenye nyumba atakaa wapi? Waache wapumzike. Ukishajua unachosema, ukawakuta njiani, utawasalimu."

Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Alimkataza neno "uhalisia" mpaka atakapoweza kulisema kwa maneno ya mtu anayenunua nyanya. Alimkataza sentensi ambayo angeona haya kuisema mbele ya bintiye. Alimwambia sura ya kwanza huwa ni mtu anasafisha koo, kwa hiyo aitupe, na Bi Mashine akaitupa kweli, kurasa ishirini na tatu, huku moyo unamuuma. Ndipo Alhamisi moja akashuka na karatasi moja tu. Ilisema: "Je, mtu anayeandika maneno ya mwingine, akijua si kweli, ana lawama gani?"

Mwalimu Kwanini alikiweka kikombe mezani.

"Hilo sasa," alisema, "lina mwenyewe. Endelea nalo."

Akaendelea nalo. Wiki tano aliandika bila kuchoka, na kwa mara ya kwanza alijiona mwandishi. Hoja yake ilikuwa safi. Mwandishi si shahidi. Mkono si jicho. Anayebeba barua hana dhambi ya yaliyomo ndani. Palipohitaji mfano aliandika, "Tuseme mtu fulani ameajiriwa kunukuu maneno ya mwingine," na kila alipofika kwa huyo mtu fulani, pumzi upande wa kushoto ilizidi kuwa nzito, mpaka siku nyingine alilazimika kuamka akanywe maji jikoni. Alipiga moyo konde. Aliona kitabu kikikamilika, yule mtu ataondoka, maana atakuwa amejibiwa.

Alimsomea Mwalimu sura zote tatu kwa alasiri moja.

"Imebana," alisema mzee. "Sioni pa kupenyeza hata kisu. Ndiyo maana nina wasiwasi. Kitabu chako kinamtetea nani?"

"Hakimtetei mtu, Mwalimu. Kinatafuta."

"Bibie, nimesoma vitabu vya kwanza vya vijana miaka arobaini. Mmoja alithibitisha kwamba mtoto hana wajibu wowote kwa mzazi. Hoja safi kabisa. Nikaja kujua hajamwandikia baba yake hata barua kwa miaka sita. Mwingine alithibitisha kuwa mapenzi hayapo, na mkewe alikuwa ameondoka Jumatatu. Kitabu cha kwanza mara nyingi ni mtu anajitetea kabla hajaitwa. Si kosa, sisi sote tulianza hivyo. Lakini inabidi mwandishi ajue kesi ni ipi, la sivyo msomaji ataijua kabla yake. Na huyo mtu wako fulani ni mfu. Hana kazi, hana nguo, hana mafua. Mfano wa kweli unao, umeufungia mahali."

Aliposikia neno mafua Bi Mashine alishika ukingo wa kiti. Mwalimu Kwanini aligeuza uso pole pole, akauelekeza kushoto kwa mgeni wake, nyuma kidogo, pale penye kabati la vitabu.

"Umekuja na mtu?" aliuliza.

"Hapana."

"Samahani. Macho haya yananichezea."

Ndipo Bi Mashine akamweleza jambo lile, kwa mara ya kwanza tangu litokee, na ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili.

Ghala la pamba liliteketea, mlinzi akafia ndani. Walimkamata fundi friji mmoja aliyewahi kugombana na mwenye ghala. Hakukuwa na ushahidi wa maana ila mwanamke muuza mkaa, aliyekaa ng'ambo ya barabara, ambaye aliwaambia polisi alimwona mtu akikimbia. Alipanda kiti cha shahidi. Mwendesha mashtaka akamuuliza, huyo mtu yumo humu ndani? Muuza mkaa alimtazama fundi friji. Alimtazama sana, uso kwa uso. Kisha akatikisa kichwa kukataa, kushoto na kulia, mara mbili. Hakutoa sauti. Mwendesha mashtaka akakohoa, akasema, angalia vizuri, mama. Mlangoni askari akabadilisha mguu. Muuza mkaa akainamisha macho, akainua kidole, akakielekeza kizimbani.

Hakimu alikuwa ameinamia jalada akitafuta ukurasa. Aliinua uso kidole kikiwa tayari hewani. Wakili wa mshtakiwa, kijana aliyepewa kesi ile siku mbili kabla, alikuwa amezamisha mkono ndani ya mkoba. Hakimu akasema, "Shahidi anamtambua mshtakiwa."

Vidole vya Bi Mashine vilisimama.

Hakimu akamgeukia, kwa upole kabisa, maana alikuwa mtu wa adabu, akauliza, "Mashine ina tatizo?"

"Hapana, mheshimiwa," alisema Bi Mashine, akapiga chapa: Shahidi anamtambua mshtakiwa.

"Kifungo cha maisha," alimwambia Mwalimu. "Alikufa gerezani mwaka wa nane. Niliona jalada lilipofungwa, lilipita mezani kwangu."

Mwalimu Kwanini hakumlaumu na hakumpa pole. Labda pole angeipenda. Alimuuliza, "Katika kitabu chako, nani anayekupinga?"

"Nimeandika, 'huenda wengine wakasema'."

"Wengine ni akina nani? Nimekwambia mara ngapi, mpinzani mpe kiti kizuri kuliko chako. Andika hoja yake hivi kwamba akisomewa atasema, ndiyo, ndivyo ninavyosema mimi. Nani angekupinga vizuri kuliko wote?"

"Amekufa, Mwalimu."

"Aliacha mtu?"

"Mke."

"Basi."

"Ni kitabu tu, Mwalimu."

"Kama ni kitabu tu, kuna shida gani ukikiacha?" alisema mzee, akaomba amsaidie kutafuta viatu vyake.

Bi Mashine alijaribu kukwepa. Alirudi mezani akaamua kumtunga yule mjane mwenyewe, ndani ya nyumba, bila usumbufu. Akamwandikia pingamizi. Lakini mjane wa kwenye karatasi alikuwa na adabu kupita kiasi. Alianza kwa kushukuru, akasema lake kwa mistari minne, akajibiwa, akakubali. Bi Mashine akamwandika upya, mkali zaidi. Akashindwa tena. Mara saba alimleta na mara saba mjane aliondoka ameridhika. Hata Bi Mashine, ambaye faida yote ilikuwa yake, aliona aibu.

Asubuhi iliyofuata pumzi haikuwepo. Aliandika nusu saa kabla hajatambua. Alisikiliza. Alitega sikio ukutani kama mpangaji mbea. Hakuna kitu. Siku zote hizo aliombea yule mtu aondoke, na sasa ameondoka, alipatwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Mahakamani ukimya wa namna ile ulikuja mara moja tu kwa kila kesi, hakimu anapofungua ukurasa wa hukumu na mshtakiwa anasahau kupumua. Alikusanya kurasa zake, kalamu na karatasi tupu kumi, akavaa viatu.

Anwani aliijua. Mjane alikuwa ametoa ushahidi wa upande wa utetezi, kwamba mumewe usiku ule alikuwa nyumbani akimkanda mtoto mwenye homa, na Bi Mashine ndiye aliyeipiga chapa anwani ile. Hakusahau chochote alichopiga chapa. Mtu asiye na macho alikuwa amehifadhi jiji zima kwenye vidole.

Nyumba ilikuwa ya mwisho katika safu, mlango wa bluu uliopauka. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia pasi nguo za watu. Meza ndefu imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, marundo ya mashati yamebanwa vikaratasi kwa pini, chupa ya maji yenye kizibo kilichotobolewa matundu. Harufu ya kitambaa cha moto ilikukuta barazani. Mwanamke mwembamba, mwenye mvi zilizosukwa vizuri, alikuwa amesimama nyuma ya meza.

"Hodi."

"Karibu. Za kupigwa pasi weka hapo kulia."

"Sikuleta nguo, dada. Mimi..."

"Nakujua," alisema mjane. Hakuacha kupiga pasi. "Siku ile ulivaa blauzi ya kijani. Kaa."

Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa amejitayarishia maneno ya kuanzia njia nzima, na yote yakamkauka. Akasema tu kwamba ameandika kitabu kuhusu kazi yake, kwamba ndani yake kuna jambo la mume wake, na kwamba mwalimu wake amemwambia si haki kuandika pingamizi la mtu bila kumsikiliza. Hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokaa vibaya.

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema mwandishi si shahidi."

Mjane alikunja mkono wa shati, akaupitishia pasi, akaukunjua. "Soma."

Bi Mashine akasoma. Alisoma kurasa nne, zile zilizobana kuliko zote. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani. Alipomaliza mjane alikuwa amemaliza mashati matatu.

"Unasoma vizuri," alisema. "Sasa mimi nikwambie na usiandike."

Bi Mashine akateremsha kalamu.

"Siku ile nilikaa benchi la mbele, pembeni, namwona yule mama uso wote. Alikataa kwa kichwa. Nilimwona. Nilipotoka nje nikawaambia watu wote, amekataa kwanza, jamani, amekataa. Wakili akaniletea karatasi za mwenendo wa kesi. Zimepigwa safi, zinapendeza. Akaniuliza, mama, imeandikwa wapi? Nikatafuta. Mimi si msomi lakini kusoma najua. Haikuwepo. Kaka yangu akaniambia, dada yangu, uliona ulichotaka kuona. Mtu mwenye shida huona."

Alimwagia shati maji, matone madogo.

"Mume wangu kizimbani alikuwa na homa, yale mafua yake yalikuwa yamempanda kichwani, hakuwa na imani hata na macho yake. Kila nikienda kumwona ananiuliza, 'Na wewe uliona?' Namwambia niliona. Anasema, basi tuko wawili, na wa tatu yupo, yule wa mashine, maana vidole vyake vilisimama. Atasema siku moja. Alikuwa na hakika. Akiitwa kwamba kuna mgeni, anauliza, ni yule mama wa mashine? Mwaka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu."

"Dada..."

"Subiri. Mwaka wa nne nilichoka. Zile karatasi nilikuwa nimezisoma mpaka nikifumba macho naziona. Nikianza kukumbuka siku ile, inakuja karatasi. Ule uso wa yule mama ukaanza kunipotea. Nikajiambia, karatasi haina mume gerezani, haina sababu ya kudanganya, mimi ndiye ninayo. Nikaenda nikamwambia, baba watoto, sina hakika tena. Labda hakukataa. Labda nilitamani. Akanitazama. Akasema, sawa. Hakuniuliza tena, na wewe hakukutaja tena. Akaishi miaka minne zaidi."

Pasi ilikuwa imesimama juu ya kola. Mjane aliiinua kabla haijaunguza, akaisimamisha wima.

"Hayo ya kitabu sina la kusema. Sijui kama mwandishi ni shahidi au si shahidi. Mimi nina swali moja, na nimekaa nalo miaka kumi na minane. Alikataa au hakukataa?"

Bi Mashine alifungua kinywa. Kwa miaka thelathini na mmoja sentensi zilikuja kwake zikiwa zimekwisha kutengenezwa, na hata sasa, Mungu amsamehe, alingoja kidogo, kana kwamba kuna mtu atakayemtolea. Hakukuwa na mtu. Kushoto kwake kulikuwa na rundo la mashati.

"Alikataa," alisema. "Alitikisa kichwa, kushoto na kulia, mara mbili. Mwendesha mashtaka akakohoa, akamwambia aangalie vizuri. Ndipo akainua kidole."

"Rudia."

Akarudia. Mjane akataka tena, akasimulia tena, safari hii na yule askari mlangoni, na mkono wa wakili ndani ya mkoba, na swali la hakimu kuhusu mashine, na jibu alilompa. Jibu lile hakulipunguza.

Mjane aliketi. Hakukuwa na kiti upande wake, alikalia ndoo iliyopinduliwa. Uso wake ulilegea, na kwa kitambo Bi Mashine alidhani ni faraja, akathubutu kuvuta pumzi.

"Kwa hiyo macho yangu yalikuwa mazima," alisema mjane.

"Yalikuwa mazima."

"Yeye akaniuliza, na mimi niliyeona, nikamwambia sikuona."

Bi Mashine alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa, na pengine alikuja akitumaini hivyo. Lakini mwanamke yule hakuwa akimtazama kabisa, alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, akiigeuza juu na chini.

"Miaka yote hii nilikuwa na kitu kimoja cha kujipa moyo," alisema taratibu. "Kwamba angalau sikumdanganya. Ungekaa na lako mpaka ukafa, nami ningekufa nalo hilo."

Mpira uligonga ukuta, ukagonga tena. Bi Mashine aliinuka, akaanza kukusanya kurasa zake zilizokuwa benchini.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mjane. "Keti. Binti yangu anatoka kazini saa kumi na moja. Yule aliyekuwa na homa usiku ule. Amekua anaamini baba yake alichoma mtu, na mimi sikumpinga. Utamwambia na yeye, kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi."

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na robo.

"Nitamngoja," alisema Bi Mashine.